Mshika pedi

(Haya ni maneno niliyoyasema Wete, Pemba, mbele ya kikundi chetu cha mazoezi na wazazi waliokuja kusikiliza, asubuhi ya Jumapili tuliporudi matembezini. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nimeongeza kidogo pale ambapo siku ile nilionyesha kwa mikono na miguu.)

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa kule ukutani, sogeeni mbele, jua bado halijapanda.

Nimeombwa niseme juu ya ndondi za Kithai, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Inasemwa kwamba mwalimu mzima, mama wa watoto watatu, anawafundisha watoto wa kike kurusha mateke. Ni kweli, nawafundisha. Sikuja kukana. Nimekuja kueleza niliingiaje na nimeona nini humo ndani, kisha mwenye swali aulize.

Mwaka 2020, korona ilipofunga mahoteli ya Unguja, mdogo wangu wa kiume alirudi nyumbani na begi moja la nguo na jozi moja ya pedi, ile mito ya mkononi ya kupokelea mateke. Alikuwa akifanya kazi hotelini kule kaskazini, na jioni akijifunza kwa kijana mmoja wa Arusha aliyewahi kukaa Bangkok. Mimi siku hizo nilikuwa nimetoka kupimwa sukari. Daktari hakuniambia kwamba ni mgonjwa. Aliniambia nimeshafika mlangoni, bado kuingia tu. Nilikuwa na kilo 91, na nikipanda ngazi za skuli nasimama katikati nijifanye natafuta kitu mkobani. Daktari akanitajia kipimo cha Shirika la Afya Duniani: mtu mzima ajishughulishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki kwa mwendo wa wastani, au dakika 75 mpaka 150 ikiwa ni shughuli ya kuhema. Mimi ni mwalimu wa Hisabati, nikapiga hesabu yangu. Sikuwa nafika hata 40, na hizo zote ni za kwenda na kurudi kituo cha gari.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, njoo uani."

Uani kwetu pana mshokishoki mkubwa. Alikuwa ameshatundika gunia, ndani kalijaza makumbi na vitambaa vya mitumba, kalishona kwa kamba ya nailoni. Tukaanza na dakika moja. Dakika moja ya kupiga, dakika moja ya kupumzika. Wathai wenyewe hupigana raundi tano za dakika tatu tatu, na katikati hupumzika dakika mbili. Mimi ile moja tu ilipokwisha nikatafuta pa kukaa, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi, na moyo nausikia masikioni. Yeye hakusema kitu. Aliniletea maji, akangoja, akasema, "Nyengine."

Niwaeleze mchezo wenyewe, maana wengi mmeuona kwenye simu tu. Ngumi tulizozizoea zina silaha mbili, mkono wa kulia na wa kushoto. Hizi za Kithai, wenyewe wanaziita muay thai, zina nane: ngumi mbili, viwiko viwili, magoti mawili na miundi miwili. Muundi ni huu mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti. Wengi hudhani teke linapigwa kwa vidole. Ukipiga kwa vidole utavivunja. Linapigwa kwa muundi, na nguvu yake haitoki gotini, inatoka nyongani. Mguu uliosimama unazunguka juu ya ncha ya wayo, nyonga inafunguka, na mguu wa kupiga unafuata wenyewe kama mlango unaobamizwa na upepo wa kusi.

Mguu uliosimama ndio ulionisumbua kuliko yote. Miezi miwili nilikuwa naukaza kama nguzo, na goti likiniuma. Siku moja nikamkumbuka marehemu baba yangu, mchumaji karafuu. Akiwa juu ya mkarafuu hakuwa akiuhangaikia mkono unaofikia kishada. Alikuwa akiuchunga mguu uliokanyaga tawi, anaugeuza kidogo kidogo, ndipo mwili mzima unageuka na mkono unafika. Nikauachia mguu wangu ugeuke vile. Gunia likatoa mlio ambao sikuwahi kuusikia kwangu, mlio mzito, na mdogo wangu akacheka kwa furaha.

Hapo hapo nawaomba vijana wa kiume mnisikilize. Mmeona watu wanaosugua miundi kwa chupa au kujigonga kwa magongo ili iwe migumu. Acheni. Muundi unakomaa kwa kupiga gunia, pole pole, kwa miezi na kwa miaka. Chupa inakupa uvimbe na kidonda. Na mikono ifungeni bandeji kabla ya glavu, vifupa vya kiganja ni vidogo na haviponi upesi.

Baada ya mwaka nilikuwa na kilo 78 na sukari imerudi mahala pake. Nisiseme ni mateke peke yake. Niliacha pia chai ya vijiko vinne na boflo la usiku. Lakini chakula nilikuwa nimejaribu kukipunguza mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara nilishindwa mwezi wa pili. Safari hii nilikuwa na kitu cha kunirudisha uani kila siku.

Sasa nije kwenye yale yanayosemwa.

Wazee wanasema ngumi hazina asili ya kwetu, na kwamba Mzee Karume alizikataza. Hilo la kukatazwa ni kweli. Ngumi zilipigwa marufuku Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na marufuku hiyo ikakaa mpaka 2022 Rais Hussein Mwinyi alipoiondoa. Agosti 2023 mapambano yakapigwa tena Unguja mbele ya watu. Wengi wetu tulio hapa tumezaliwa na kukua bila ya kuona ulingo, ndiyo maana ukisikia mtoto amevaa glavu moyo unashtuka. Sikulaumuni. Ila kwamba hatuna asili ya mchezo wa kupigana, hapo naomba tukumbushane. Nani hapa hajaona kirumbizi? Fimbo zinagongana, ngoma inalia, zumari linaongoza, na wawili walio katikati wanapigana kwa adabu, kila mmoja anailinda ngozi ya mwenzake. Na Makunduchi, kila mwaka kwenye Mwaka Kogwa, wanaume hutandikana kwa migomba na kinyongo cha mwaka mzima kinaishia pale pale uwanjani.

Mnajua kilichonishangaza? Wathai nao hupigana kwa muziki. Pembeni mwa ulingo hukaa wapigaji, mmoja ana chombo wanachokiita pi, na mkikisikia mtasema ni zumari la Pemba. Pana ngoma mbili na matoazi madogo. Pambano likianza muziki unakwenda taratibu, likipamba moto nao unapanda. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa jikoni, simu iko mezani, nikageuka nikidhani harusi imepita nje.

La pili ni la dini, nalo nalichukulia kwa uzito kuliko yote. Kabla ya pambano mpiganaji wa Kithai hufanya kitu kinachoitwa wai kru. Kru ni mwalimu, wai ni kumsalimu kwa heshima. Huzunguka ulingo, hupiga magoti, huinama mara tatu, na kichwani huwa na utepe unaoitwa mongkon, ambao wao wanauamini. Kisa chao maarufu ni cha Nai Khanom Tom, anayesimuliwa kwamba alitekwa na Waburma mji wa Ayutthaya ulipoanguka mwaka 1767, kisha akapiganishwa mbele ya mfalme wao mwaka 1774. Alipoanza kuzunguka na kuinama, waliokuwa wakitazama wakadhani ni uchawi. Ikabidi waelezwe kwamba anamheshimu mwalimu wake.

Sisi hatuinami. Kusujudu ni kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na hilo halina mjadala uani kwangu. Utepe hatuvai. Wala mazoezi hayavihitaji vitu hivyo. Mikoa ya kusini kabisa ya Thailandi, Pattani, Yala na Narathiwat, wengi wa wakaazi wake ni Waislamu kama sisi. Tunachofanya sisi ni kuweka mkono kifuani, kumsalimu aliyetufundisha, na kuwaombea wazee wetu dua kabla hatujaanza. Na usoni hatupigani. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba uso haupigwi. Najua kwenye ulingo wao uso hupigwa, na anayetaka kushindana atakwenda kuutafuta ulingo huo. Mchezo huu umetambuliwa rasmi na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2021, kwa hiyo njia ipo. Mimi sifundishi mashindano.

Na watoto. Hapa sina upole. Thailandi wapo watoto wanaopigana kwa pesa, wengine kuisaidia familia, na Wathai wenyewe wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo. Novemba 2018 mvulana wa miaka 13 alifariki siku mbili baada ya pambano, damu ilivuja kwenye ubongo. Pambano lile lilikuwa la kuchangisha fedha. Nilipokisoma kisa hicho niliita kikao cha wazazi, na tangu siku hiyo mtoto wa uani kwangu hagusi kichwa cha mwenziwe, hata kwa mchezo, hata kwa glavu laini. Anayevunja hurudi nyumbani. Akija kijana mkubwa akawaambia watoto wenu kwamba huko ni kuogopa, nileteeni mimi.

Nimesema mengi ya pembeni. Niseme sasa lililonileta.

Katika mchezo huu pana mtu ambaye hakuna anayempiga picha. Ni mshika pedi. Pedi ni mito miwili mizito inayovaliwa mikononi, na mwenzako anaipiga. Mimi nilidhani mshika pedi amesimama tu. Mdogo wangu aliponivalisha nilijifunza kwamba ile ndiyo kazi yenyewe. Ukiilegeza pedi, mpigaji anapiga hewa na goti lake linavutika. Ukiikaza kama ukuta, bega lako linaumia. Inabidi uisogeze kulipokea teke, kidogo tu, namna unavyompokea mtoto mchanga kutoka mikononi mwa mwenzako. Unamtazama kifuani, unajua kabla yake kwamba amechoka. Unamwita, "Kulia. Kushoto. Goti." Anapobana pumzi unamkumbusha. Walimu wa Kithai hufanya kazi hii kutwa, asubuhi na jioni, na wengi wao ni wapiganaji wa zamani.

Nikaipenda kazi hiyo kuliko kupiga. Wakaanza kuja mabinti wa ndugu, halafu majirani, halafu wanafunzi.

Mwaka 2022 akaja binti mmoja wa Kidato cha Pili, mwanafunzi wangu mwenyewe. Yupo hapa leo, na ameniruhusu niseme, ila simtaji. Siku ya kwanza nilimfundisha kusimama, akasimama vizuri. Nikamfundisha kuzungusha wayo, akashika haraka kuliko nilivyoshika mimi. Nikavaa pedi. Nikainua mkono wa kulia ili apige.

Akafumba macho.

Nikamwambia, "Fungua macho, itazame pedi." Nikainua tena. Akafumba tena, na bega lake la kushoto likapanda mpaka karibu na sikio. Mara ya tatu niliinua taratibu sana, na mimi namtazama uso. Kope zikashuka kabla pedi haijafika kiunoni kwangu. Hapo nikaelewa kwamba haoni pedi. Anaona mkono wangu unapanda.

Nilikuwa nimemchapa, ndugu zangu. Si mara moja. Nimefundisha miaka 20, na miaka zaidi ya 15 ya mwanzo bakora haikunitoka mkononi. Nilichapwa na mimi, nikaamini ndivyo mtu anavyofundishwa. Yule binti mara ya mwisho nilimchapa kwa kusahau daftari la jiometri. Nilikumbuka pale pale, nimesimama chini ya mshokishoki na pedi mikononi, nikakumbuka hata sauti.

Sikujua la kusema. Nilivua pedi nikamvalisha yeye. Nikamwambia, "Leo shika wewe. Niite mimi." Akasema, "Mwalimu, sijui." Nikamwambia nami nilikuwa sijui. Nikapiga polepole, teke la mtoto, na yeye akaita kwa sauti ndogo, "Kulia." Nikapiga. "Kushoto." Nikapiga. Dakika tatu zilipokwisha sauti yake ilikuwa imeshatoka kifuani.

Tulifanya hivyo wiki tano. Yeye anashika, mimi napiga. Wiki ya sita nikavaa pedi mimi, nikainua mkono, na macho yakabaki wazi.

Jumatatu iliyofuata siku ile ya kwanza niliingia darasani mikono mitupu. Sitaki mfikirie kwamba darasa lilitulia. Lilikuwa na kelele miezi miwili. Mwenzangu mmoja aliniambia nawaharibu watoto wa watu. Nilirudi nyumbani nalia zaidi ya mara moja, na siku moja nilifungua kabati ambamo niliiweka bakora, nikaifunga tena. Nilichojifunza uani kikanisaidia kidogo kidogo: kumtazama mtoto kifuani, kujua kabla yake kwamba amechoka au amekwama, kumsogelea nusu hatua, kumwita kwa jina. Anayesahau daftari sasa anakaa na mimi saa ya mapumziko tunachora pembetatu upya. Inachukua muda mrefu kuliko bakora. Matokeo ya darasa hayajashuka.

Radhi nilimwomba yule binti, lakini mwaka mzima ulipita kwanza. Kupiga gunia mara mia tatu ni rahisi kuliko sentensi ile moja.

Kwa hiyo mzazi akiniuliza mtoto wake atapata nini, namwambia atapata pumzi, atapata nyonga nyepesi na usingizi mzuri. Lakini mimi nitamwangalia siku atakapovaa pedi. Huko ndiko ninakomjua mtu. Wapo vijana wenye teke la kuvunja mlango ambao ukiwapa pedi wanamkomoa mwenzao, wanaiondoa dakika ya mwisho ili aanguke. Hao nawabakisha kwenye kushika, miezi, hawapigi hata gunia, mpaka mwenzao aseme, "Nashikiwa vizuri na fulani."

Mama mmoja alikuja mwaka jana, ana wajukuu. Alisimama mbele yangu na baibui lake, akanitazama, akaniuliza, "Nikupige kweli, mwanangu?" Nikamwambia, "Nipige, bibi, nimekushikia." Akapiga ngumi moja ndogo, akasimama, akapumua. Kisha akapiga kumi na mbili mfululizo, na ya mwisho akaitolea sauti ambayo nadhani ilikuwa imekaa miaka mingi. Hakutueleza ni ya nini na hatukumuuliza. Anakuja kila wiki.

Utaratibu wetu ni huu. Wanawake na mabinti ni Jumamosi na Jumanne baada ya Alasiri, uani kwangu, geti limefungwa, na hakuna simu ya kupiga picha. Wavulana wanafundishwa na mdogo wangu Jumapili, hapa uwanjani. Njoo na suruali pana, maji, na kanga au taulo ya kufutia jasho. Viatu huhitaji, tunafanya pekupeku. Mwenye presha, sukari, au mjamzito apite kwanza hospitali, aje na maneno ya daktari. Ada hatuna. Pedi tunazo jozi tatu, mbili tumezishona wenyewe kwa turubai na godoro kuukuu, na tunashukuru kwa yeyote mwenye turubai nyengine.

Jumanne iliyopita yule binti alinishikia pedi. Siku hizi yeye ndiye anayewashikia wadogo. Raundi ya tatu nilianza kubana pumzi, ni tabia yangu nikichoka, na nilidhani hajaona. Akanigonga begani kwa pedi, akasema, "Mwalimu, pumua."

Mwenye swali, karibu. Nawaona wazee wawili wameshanyoosha mikono, naanza na mzee wa kofia ya kiua.